Mipira ya Tyubu ya Mama Filbert

Tabea Mwalongo hakuanguka kwa uzembe, na yeyote aliyesema hivyo mbele yake alisahihishwa papo hapo. Ngazi ndiyo iliyovunjika. Kipandio kimoja cha chini kilikuwa kimeliwa na mchwa ndani kwa ndani, huku kwa nje kikionekana kizima kama vingine, na siku ile ya Februari, alipokuwa akishuka kutoka darini na debe la mahindi begani, kipandio kiliachia. Debe lilitua sakafuni wima. Tabea alitua juu ya mkono wake wa kulia.

"Halikumwaga hata hindi moja," aliwaambia majirani waliomkuta amekaa chini jikoni, uso umepauka, mkono umening'inia. Mpaka leo ndiyo sentensi anayoipenda kuliko zote katika habari ya kuanguka kwake.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji wa Njombe, upande wa Uwemba, kwenye mteremko ambao ukungu wa asubuhi huchelewa kuuachia. Mumewe Elius aliijenga kwa tofali za kuchoma, akamjengea na jiko la pembeni lenye dari la miti kwa ajili ya mahindi, kisha akafariki, mwana wao Filbert akiwa bado sekondari. Tabea alimsomesha mwanawe kwa matenga. Alijifunza kusuka kwa baba yake, mzee Wiliam, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya ujuzi wake kuzikwa naye. Wafanyabiashara wa nyanya waliokuja kuagiza matenga kwa mara ya kwanza walimwuliza Elius lini wayafuate. Elius alikuwa akicheka na kuwaonyesha mke wake, aliyekaa chini na kisu, akichana mianzi kuwa fito nyembamba. "Muulizeni fundi," alisema. "Mimi hapa ni mpishi wa chai."

Mkono ulikaa ndani ya hogo, ile bandeji ngumu nyeupe, mpaka mvua za masika zikaanza kupungua. Hogo lilipofunguliwa kule hospitalini Ilembula, Tabea aliutazama mkono uliotoka ndani yake kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka, na ulipoambiwa upande juu ulifika usawa wa kifua ukagoma.

Lidia, mtoto wa mdogo wake, alikuwa akifanya kazi pale katika chumba cha mazoezi ya viungo. Aliushika ule mkono, akauzungusha taratibu.

"Mfupa umeunga vizuri sana, mama mkubwa. Sasa misuli ndiyo imelala."

"Iamshe."

"Mimi siwezi. Utaiamsha wewe, nyumbani, kila siku. Lakini siyo kwa kuuzungusha mkono hewani tu. Unatakiwa uwe na kitu cha kushindana nacho."

Hayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani. Na kabla hajapata hicho kitu cha kushindana nacho, alikuja mtu wa kushindana naye, yaani mwanawe.

Filbert ana duka la vipuri vya magari Makambako. Ni mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa machozi, na tangu mama yake aanguke alikuwa halali vizuri. Alikuja Jumapili baada ya ibada pamoja na mkewe Peace. Wakala chakula, wakanywa chai, na ndipo akasema alichokuwa amekibeba tangu Makambako.

"Mama, tumeandaa chumba. Kina dirisha kubwa, linatazama uani. Utahamia kwetu."

"Kuja kutembea nitakuja."

"Sisemi kutembea. Nasema kuhamia. Hapa unaishi peke yako. Ukianguka tena usiku, nani atajua?"

"Elina hapo jirani atajua. Elina anajua nikikohoa."

"Mama, sitanii."

Tabea alimwona hatanii. Alimtazama Peace, na Peace akainamisha macho kwenye kikombe, akiwa katikati ya mume na mama mkwe. Chumba chenye dirisha kilikuwa jambo jema. Lakini Makambako hakuna mianzi yake, hakuna mteremko wake, wala wateja wake wa nyanya. Na mtu akishahamia kwa mwanawe kwa sababu hawezi, hata akiweza baadaye hakuna anayemrudisha.

"Tufanye hivi," alisema. "Mahindi bado yako shambani. Yakishavunwa na kukauka, uje. Nikishindwa kupandisha debe darini kwa mkono huu, nitafungasha mwenyewe. Nikiweza, nabaki, na habari ya chumba tusiisikie tena."

Filbert aliutazama ule mkono mwembamba uliolala mapajani kwa mama yake. Alikubali haraka, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei ya kutupa. "Peace, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Peace. "Na mama amesikia?"

"Mimi ndiye niliyesema," alijibu Tabea.

Hata hivyo Filbert hakuwa mtu wa kumwekea mama yake mtego. Wiki iliyofuata alimletea vyuma vyake vya ujanani, vile ambavyo yeye na wenzake walivitengeneza kwa kumimina zege kwenye makopo ya rangi, kopo moja kila upande wa bomba fupi. Alivitoa kwenye buti la gari vimefungwa ndani ya gunia.

"Hivi ndivyo vilivyonijenga, mama."

"Vilijenga na tumbo?"

"Tumbo amejenga Peace."

Tabea alivijaribu kwa nia njema. Alishika kimoja, kile kidogo, akakiinua kutoka sakafuni. Kilifika kiunoni. Alipotaka kukipitisha hapo, bega lilianza kutetemeka, vidole vikafunguka vyenyewe, na kopo la zege likaenda moja kwa moja kwenye tenga lililokuwa limemalizika jana yake, likatoboa kitako chake na kutokea upande wa pili. Kuku waliokuwa barazani walitawanyika kwa kelele.

Alikaa kwenye kigoda akalitazama lile tundu. Tatizo la chuma alikuwa ameshalielewa kwa mikono, maneno yakaja baadaye. Chuma kinajua njia moja tu, nayo ni ya chini. Ukisimama kinakwenda chini, ukilala kinakwenda chini. Mkono ukikataa katikati ya safari, chenyewe hakisubiri. Na katika vile viwili alivyoletewa, kile kidogo kilikuwa kizito mno, na kati ya hicho na mkono mtupu hapakuwa na kitu chochote. Ufito wa mwanzi hauko hivyo. Ukiuvuta kuelekea kwako unakukatalia kuelekea kwako, ukiuvuta pembeni unakukatalia pembeni. Ukilegeza, unalegea nawe. Maisha yake yote alikuwa ameshindana na vitu vya namna hiyo.

Alimpigia Lidia simu.

"Lidia, lazima kiwe chuma?"

"Si lazima hata kidogo. Kinachotakiwa ni ukinzani, mama mkubwa."

"Ukinzani ndiyo nini?"

"Kitu kinachokukatalia. Leo kinakukatalia kidogo, kesho kidogo zaidi."

"Basi huyo ni marehemu Elius."

Lidia alicheka mpaka simu ikakoroma. Kisha akamweleza. Kuna springi za kuvuta, kuna mipira, kuna mashine za kufunga mlangoni, hata ukuta peke yake ukisukumwa vizuri unafaa kwa kuanzia. Vyote vinafanya kazi ya chuma. "Chagua unachoweza kukiongeza kidogo kidogo," alisema, "na ambacho mkono ukichoka hakitakuumiza. Na kiwe kitu utakachokipenda, maana utakishika kila siku."

Kwa hiyo Tabea alishuka Makambako kuchagua. Siku hiyo upepo wa mji ule ulikuwa unapeperusha mifuko na vumbi barabarani, na Filbert alimwongoza mama yake kwenye duka la vifaa vya michezo akiwa amemshika kiwiko kama yai.

Muuzaji alianza na springi: tano zimepangwa sambamba kati ya vishikio viwili. Tabea alivuta. Mkono wa kushoto ulifungua upande wake wote, wa kulia ukabaki pale pale, na zile springi zilipojirudisha zilikamata sweta yake na kung'oa kipande cha sufu.

"Dude hili linauma kama bata," alisema, akilirudisha mezani. "Tena linataka mikono miwili iliyo sawa. Mimi nina mmoja na nusu."

Mashine ya kufunga mlangoni ilikuwa na kamba, magurudumu madogo na picha ya kijana wa kizungu asiye na shati. Tabea aliuliza mlango unaohitajika ni wa namna gani. Muuzaji akasema mlango imara. "Wangu ni wa mbao za mti wa mlingoti, na bawaba zake ni za zamani kuliko wewe," alimjibu. "Utang'oka mlango kabla ya bega."

Kisha akaonyeshwa mipira ya rangi, laini, mipana kama utepe, ya manjano kwa wanaoanza na myeusi kwa wenye nguvu. Hapo alisimama kwa muda mrefu. Aliuvuta ule wa manjano pembeni, ukamkatalia pembeni. Akaulegeza, ukalegea. Filbert alishaanza kutabasamu na kutafuta pochi. Lakini Tabea aliupitisha mpira katikati ya kiganja chake polepole, kama anavyopima ufito, na ule mpira ukakwama. Viganja vya msusi wa mianzi vina miba midogo isiyoisha. Alipouinua kwenye mwanga, mstari mweupe mwembamba ulikuwa umeshajichora pale ulipokwaruzwa.

"Wazo ni zuri," alimwambia muuzaji kwa heshima. "Ila huu umetengenezewa mikono ya karani."

Walipotoka nje Filbert alikuwa amekata tamaa. "Sasa mama, tumemaliza duka zima."

"Duka tumemaliza. Mji bado." Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la mwanawe, ambako Zubeiri, fundi wa pancha aliyehamia Makambako kutoka Kondoa, alikuwa amekaa juu ya rimu akichana tyubu kuukuu kuwa mikanda mirefu. Mikanda hiyo ndiyo wanayofungia mizigo watu wa bodaboda, na wenye malori, na kila mtu mwenye gunia linalotaka kuanguka njiani.

"Shikamoo, mama yangu," alisema Zubeiri.

"Marahaba, mwanangu. Naona unachana mpira kama ninavyochana mianzi."

"Ndiyo riziki yetu. Unafunga nini? Kuku, mbao, gunia?"

"Mkono."

Zubeiri alimtazama Filbert. Filbert alitazama angani. "Ni mazoezi," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari amesema. Lakini mama, watu watasema nimemnunulia mama yangu mpira wa kufungia mbuzi."

"Waambie mbuzi ndiye mimi. Zubeiri, nipe wa baiskeli."

Aliuvuta kwa mkono wa kushoto kwanza, kisha kwa wa kulia. Akaupitisha kiganjani, nao ukapita bila kukwama, mzito, mkavu, wenye adabu. Akaomba wa pikipiki. Akaomba wa gari dogo. Akaomba wa lori, ambao mkono wa kulia haukuweza hata kuutikisa, na huo ndio aliouweka kando wa kwanza kabisa.

"Huo huuwezi, mama," alisema Filbert.

"Ndiyo maana nauchukua."

Zubeiri alimkatia yote upya, mikanda minne iliyonyooka pembeni. "Ikiwa na kovu pembeni, hapo ndipo itakapochanikia," alisema.

"Hata ufito."

"Hata ufito, eeh? Basi tunafanya kazi moja. Usiipake mafuta, mama. Na usiiache juani. Jua linaua mpira."

Tabea alishika hayo mawili kama amri.

Alikata vipande vya mwanzi mnene, akavilainisha kwa kisu, akapitisha mpira ndani yake vikawa vishikio. Akafunga mkanda wa baiskeli kwenye nguzo ya baraza ambayo Elius aliisimamisha kwa zege, nguzo ambayo isingeng'oka hata angeivuta ng'ombe. Lidia alikuwa amemwonyesha namna: kiwiko kibane ubavuni, khanga iliyokunjwa ikae katikati isianguke, kisha vuta kwenda nje. Geuka, vuta kwenda ndani. Kanyaga mkanda, uinue mbele yako. Funga juu kwenye boriti, uvute chini. Mpira ulikuwa na jambo ambalo vyuma vya Filbert havikuwa nalo: akitaka uwe mgumu alirudi nyuma kidogo, akitaka uwe mwepesi alisogea mbele. Mwanzo wa kuvuta ulikuwa laini na mwisho ulikuwa mkali, na mkono ukikataa katikati, haukudondoka popote. Ulirudi tu polepole, na yeye akarudi nao.

Hakupenda kuhesabu, kwa hiyo aliimba. Yeye ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake, na kila zoezi alilipangia ubeti. Elina, jirani yake, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, alimsikiliza kutoka upande wa pili wa uzio huku akichambua mboga.

"Leo umeishia ubeti wa pili!" alipaza sauti. "Kulikoni?"

"Bega limesahau maneno!"

"Mimi nikikuona hivyo umefungwa kwenye nguzo nasema huyu leo anachinjwa."

"Njoo uchinjwe na wewe, magoti yako yalie kwa sababu ya maana."

Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, mipira ilianza kukaidi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani kama unga, na mkanda uliokuwa umeachwa barazani ulikuwa mgumu kama ngozi ya viatu. Tabea alifikiri. Juani hapafai, amekatazwa. Barazani pana baridi. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa upande ule angelifanya na kitu anachotaka kidumu: akaipandisha jikoni, akaitundika kwenye boriti juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Kila kitu cha thamani kilikaa pale juu, penye joto na moshi, ambako wadudu hawafiki: mbegu, mpini mpya wa jembe, kisu cha mzee Wiliam, hata viatu vya ibada vya Elius ambavyo hakuwahi kumpa mtu. Kila siku aliitoa ikiwa na vuguvugu, laini mikononi, na akajisifu kwa akili hiyo.

Mkono uliitikia. Mkanda wa baiskeli ulikuwa mwepesi, akahamia wa pikipiki. Mkono ulipanda usawa wa kidevu, kisha usawa wa sikio. Aliposhuka tena Ilembula, Lidia alimwambia ainue, naye akainua, na Lidia akakaa chini.

"Nani amekufanyisha hivi?"

"Nilianza na baiskeli, nikapanda pikipiki, sasa niko kwenye gari dogo."

"Basi polepole, mama mkubwa. Usipande lori kwa ajili ya sifa."

"Sifa nitazipata wapi? Naishi peke yangu."

Lakini lori alilipanda. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamelala uani bado kwenye magunzi yake, yanakauka. Filbert alikuwa amesema atakuja Jumamosi. Siku chache kabla yake, Tabea alifunga mkanda wa lori kwenye nguzo, akakaza kiwiko, akaanza ubeti. Mkono uliuvuta. Uliuvuta kweli, mpaka karibu na mwisho, na pale mwisho mpira ukalia kama fimbo kavu. Kipande kilichobaki mkononi kilirudi na kumchapa shavuni, naye akakaa chini kwa kishindo katikati ya kuku.

Elina, kwa upendo wake wote, alimpigia Filbert simu kabla hata hajapita uzio.

Filbert alifika mchana huo huo na gari la kuazima lenye sehemu ya mizigo nyuma, na juu yake ameweka godoro ili mama yake asitikiswe njiani. Peace alishuka upande wa pili. Walimkuta Tabea kwenye kigoda cha barazani, shavu limevimba na kung'aa.

"Tunaondoka," alisema Filbert. "Ungekupiga jichoni, mama. Ningekukuta umepofuka, kwa mpira wa mbuzi."

"Leo si Jumamosi."

"Mama!"

Tabea aliligusa shavu lake. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, mwanawe alikuwa na haki. Ngazi ilivunjika na alijua kwa nini. Mpira ulikatika na hakujua kwa nini, na asiyejua kitu kimekatika kwa nini hawezi kumwambia mtu kwamba hakitakatika tena. Kama sababu ilikuwa ni yeye, kwamba amezeeka na kuvuta vibaya, basi godoro lilikuwa limekuja kwa wakati wake.

"Nipe hivyo vipande," alimwambia Peace.

Aliviweka mapajani. Alikunja kimoja kwa vidole, kama anavyokunja ufito kabla ya kuuingiza kwenye kazi, na mgongoni mwa ule mkunjo ikafunguka mipasuko midogo midogo, mingi, kama nyufa za matope yaliyokauka. Alikinusa. Kilinuka moshi. Akaagiza ule wa gari dogo. Nao ukafunguka vile vile.

"Peace mwanangu, nenda kwenye banda la mianzi. Fungua gunia la fito. Nilifungia fito kwa masalio ya mpira huu huu wa lori."

Peace alileta kipande hicho. Tabea alikikunja, akakikunja tena, akakivuta. Kilikuwa laini, cheusi, bila ufa hata mmoja. Tyubu moja, iliyokatwa siku moja na mtu mmoja. Kipande kimoja kilikaa kwenye ubaridi wa banda, kingine juu ya moto.

Alicheka, japo shavu liliuma. "Mimi ni mjinga," alisema kwa furaha ya mtu aliyekiona kitu kilichokuwa kimepotea. "Miaka yote hii sijawahi kuweka fito juu ya mafiga. Ufito ukikaa kule unakauka, unavunjika, mtoto mdogo anajua. Mpira nikaufanya mbegu. Kumbe mpira ni ufito."

Filbert alikuwa amekichukua kile kipande chenye nyufa. Alikigeuza geuza, na taratibu uso wake wa mtu mwenye msiba ukawa uso wa mwenye duka. "Mkanda wa feni huwa hivi," alisema, kana kwamba amelazimishwa. "Ule unaokaa karibu na injini. Wateja wanauleta ukiwa na nyufa hizi hizi. Ni joto."

"Basi umesema mwenyewe. Mkono ulivuta mpaka mwisho, Filbert. Aliyeshindwa ni mpira."

"Hilo sina ushahidi nalo."

"Mahindi yale pale uani. Ngazi ile pale."

Ilikuwa ngazi mpya, ya miti iliyobanduliwa magome mpaka ikawa nyeupe, ambayo Tabea aliiagiza hata kabla hogo halijatoka. Filbert aliikagua kipandio kwa kipandio kwa mguu wake mzito. Peace alijaza debe, magunzi yakagongana. Elina naye alikuwa ameshapita uzio na kusimama mlangoni mwa jiko, akijifanya amekuja kuomba radhi.

Tabea alifunga khanga kiunoni. Akaliweka debe begani, bega lile lile, akagusa ngazi, kisha akageuka.

"Njoo ushike ngazi."

"Nikishika si utakuwa umesaidiwa?"

"Kilichoniangusha ni ngazi, siyo mkono. Wewe shika ngazi, mkono niachie mimi."

Filbert alishika. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili, na paji la uso wake lilikuwa usawa wa visigino vya mama yake vilipokuwa vinapanda. Juu, karibu na boriti, Tabea alitulia. Mkono wa kushoto ulikamata mti wa dari. Wa kulia ukaingia chini ya debe na kuanza kulisukuma. Usawa wa kidevu. Usawa wa sikio, pale ambapo zamani maumivu yalikuwa yanamngoja kama mtu wa kodi, na mkono ukaanza kutetemeka. Tabea aliujua mtetemeko huo. Alikuwa ameishi nao mwisho wa kila ubeti kwa miezi, pale mpira unapokuwa mkali kuliko mahali pote. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, sauti ya pili peke yake, na Elina kule mlangoni, bila kutaka, akaingia na ya kwanza. Debe lilipita sikio, likapita kichwa, likagusa ukingo wa dari, likateleza ndani.

Kisha sauti yake ikatoka juu, kwenye moshi.

"Lete jingine."

Peace ndiye aliyepasuka kicheko kwanza. Filbert hakuiachia ngazi. Machozi yalimtoka huku mikono yake ikiwa na kazi, na hakuwa na cha kuyafutia.

"Mama, moja linatosha. Tulisema moja."

"Nilisema nikiweza, nabaki. Nikibaki nitakula nini, debe moja?" Alikuwa anashuka, kipandio kwa kipandio, akiwa na mikanda iliyonyauka mkononi aliyoitungua kwenye boriti alipokuwa kule kule juu. "Hii mpelekee Zubeiri. Mwambie sikuiacha juani. Mwambie jua siyo muuaji peke yake, anikatie mingine minne, nitaiweka pamoja na fito."

"Nitamwambia anikatie na mimi," alisema Filbert, akijifuta kwa kiwiko. "Mgongo wangu unauma kwa kukaa dukani."

"Rudisha na vyuma vyako. Kuku wangu hawavipendi."

Walitoka uani. Jua lilikuwa limefika kwenye mteremko, na kwenye gari lile godoro lilikuwa limelala tupu, jipya, bado na nailoni yake. Filbert alilitazama kama mtu aliyeshikwa na kitu asichojua pa kukiweka.

"Lishusheni," alisema Tabea, akitangulia kufungua mlango wa chumba chake. "Langu limekwisha."